Open Collective kwa miradi ya programu huria: daftari zuri, kanuni ulete mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Open Collective, jukwaa la mtandaoni la kupokea na kutumia michango, ni daftari hilo, na kwa kazi hiyo ni vigumu kulishinda: kila senti inayoingia kwenye mradi na kila inayotoka huonekana na yeyote anayefungua ukurasa wake, pamoja na jina la aliyeomba malipo. Mapitio haya yanaulenga mradi wa programu huria (programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) wenye watunzaji, yaani wanaousimamia msimbo huo, kati ya wawili na kumi, usio na kampuni nyuma yake, ambao umeanza kupata fedha au unajiandaa kuzipokea. Mradi wa mtu mmoja hauhitaji chombo kizito namna hii. Njia yake iko huko chini.

Nani hasa anashika fedha

Wengi hujisajili bila kugundua kwamba wanashughulika na pande mbili. Upande wa kwanza ni jukwaa lenyewe, yaani programu inayopokea michango, kupanga maombi ya malipo na kuonyesha salio. Upande wa pili ni taasisi mlezi: chombo chenye usajili wa kisheria na akaunti ya benki, kinachoshika fedha kwa niaba ya miradi isiyo na usajili wake. Kwa programu huria, mlezi wa kawaida ni Open Source Collective, taasisi isiyo ya faida iliyosajiliwa Marekani chini ya kifungu 501(c)(6). Namba hiyo si pambo. Chini ya kifungu hicho, mtoaji binafsi hapati nafuu ya kodi ambayo angeipata kwa kuichangia taasisi ya hisani ya 501(c)(3). Kampuni huuandika mchango wake kama gharama ya biashara, basi. Kwa kuwa fedha kubwa za miradi ya aina hii hutoka kwa kampuni, hasara ni ndogo, ila usije ukaandika kwenye ukurasa wako kwamba michango ina nafuu ya kodi.

Tofauti ya jukwaa na mlezi ilijidhihirisha mwaka 2024. Februari, Open Collective Foundation, mlezi mwingine mwenye jina la kuchanganya ambaye alihudumia zaidi vikundi vya kijamii, alitangaza kwamba anafunga. Vikundi vilipewa hadi 30 Septemba kutumia salio au kulihamisha. Open Source Collective haikuguswa, na jukwaa liliendelea kufanya kazi kama kawaida. Baadaye mwaka huohuo likawekwa mikononi mwa OFiCo, muungano usio wa faida. Kwa hiyo kabla ya kujiunga soma mkataba wa mlezi, si kurasa za jukwaa tu. Kisheria salio liko kwa mlezi, amelitenga kwa ajili yako. Kurundika humo fedha za miaka mitatu kwa sababu tu tarakimu zinapendeza machoni ni uzembe. Matumizi ya mwaka mmoja yanatosha.

Kujiunga kwenyewe ni rahisi. Unahitaji hazina ya msimbo iliyo wazi (mahali msimbo unapohifadhiwa), leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, chombo kinachoidhinisha leseni za programu huria, maelezo mafupi ya mradi na wasimamizi. Weka wawili tangu siku ya kwanza, wote wakiwa na uthibitisho wa hatua mbili. Mlezi hukagua ombi ndipo akufungulie.

Makato, kwa tarakimu

Open Source Collective hukata asilimia 10 ya mchango. Juu ya hapo yapo makato ya mpitisha malipo: kwa kadi kupitia Stripe, kiwango cha kawaida cha Marekani ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila muamala, na kadi za nje ya Marekani hukatwa zaidi. Asilimia hizo hazitishi. Senti 30 ndizo zinazotafuna michango midogo. Dola 5 hupoteza senti 50 za mlezi na takriban senti 45 za kadi, zikabaki dola 4.05. Dola 100 hubaki dola 86.80. Mtu anayetoa dola 5 kila mwezi kwa mwaka mzima hukuachia dola 48.60, huyohuyo akitoa dola 60 kwa mkupuo, unabaki na dola 51.96.

Ndiyo maana ngazi ya mchango (kiasi unachompangia mtoaji) ya dola 2 kwa mwezi ni kosa la kawaida. Inaonekana ya kirafiki, lakini karibu asilimia 28 ya fedha zake huishia njiani. Anzia dola 10 kwa mwezi na uweke ngazi ya mwaka kando yake. Iombe kampuni ilipe kwa uhamisho wa benki, ambao haubebi asilimia za kadi.

Je, asilimia 10 ni ghali? Kwa mradi unaopata dola 300 kwa mwaka, kutoka kwa marafiki, ndiyo. Kwa mradi unaopata dola 20,000, zile dola 2,000 zinanunua kitu ambacho watunzaji wachache wanaweza kukifanya wenyewe. Idara ya ununuzi ya kampuni ikitaka ankara rasmi, namba ya oda, fomu ya kusajili muuzaji na uthibitisho wa hali ya kodi, mlezi ndiye anayejibu. Michango mingi ya kampuni hufia hapo hapo: mhandisi amekubali, mkuu wake amekubali, lakini mfumo wa malipo hauna mahali pa kumwandika mtu binafsi mwenye akaunti ya PayPal. Sehemu hii ya huduma inastahili bei yake.

Malipo yanavyopita, na yanapokwama

Ombi la malipo hupita milango miwili. Aliyefanya kazi au aliyenunua kitu huliwasilisha, msimamizi wa mradi huliidhinisha, kisha mlezi hukagua viambatisho na kutoa fedha kwa PayPal au kwa uhamisho wa benki unaopitia Wise, huduma ya kutuma fedha kimataifa. Aina kuu za maombi ni mbili. Ya kurejeshewa gharama lazima iwe na risiti. Ya ankara ya kazi haihitaji risiti, na jukwaa linaweza kuitengeneza ankara hiyo kutokana na uliyojaza.

Linalokwamisha mara nyingi ni viambatisho. Picha ya taarifa ya benki inayoonyesha kwamba fedha zilitoka si risiti. Risiti humtaja muuzaji, tarehe, kilichonunuliwa na kiasi. Kwa seva ya mwezi, pakua ankara ya mtoa huduma badala ya kupiga picha skrini ya barua pepe yake.

Maelezo ya kazi nayo huandikwa kivivu. "Kazi ya Machi, dola 1,500" humnyima msimamizi kitu cha kupima na humpa msomaji wa ukurasa sababu ya kunong'ona. Andika hivi: "Kuandaa na kutoa toleo 4.2.1, kupitia maombi 18 ya kuunganisha msimbo, kujibu ripoti mbili za usalama, saa 30 kwa dola 50 kila moja." Sentensi moja, na mjadala umekwisha kabla haujaanza. Kumbuka tu kwamba maelezo hayo yanasomwa na dunia nzima, ilhali viambatisho huonekana na wahusika peke yao. Anwani ya nyumbani na namba ya simu zikae kwenye kiambatisho.

Kuna na fomu ya kodi. Kwa kuwa mlezi yuko Marekani, anayelipwa akifikia kiwango kilichowekwa kwa mwaka hutakiwa kujaza fomu: W-9 kwa walipakodi wa Marekani, na kwa mtu binafsi asiye wa huko, W-8BEN. Malipo husimama hadi fomu ifike. Jina la kwenye fomu lisipofanana na la akaunti inayopokea, safari huanza upya, hivyo ijaze mapema, kabla ya ombi la kwanza kubwa. Salio la mradi kwa mlezi huyu ni la dola, kwa hiyo anayepokea kwa sarafu nyingine hubeba gharama ya ubadilishaji. Amueni mapema kama mradi utaifidia.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mpangilio, si ya programu. Msimamizi anaweza kuwasilisha ombi lake na kuliidhinisha mwenyewe, isipokuwa mradi umewasha sera inayomzuia. Iwashe. Hakuna anayekutuhumu wizi; siku mgogoro utakapozuka kwa sababu nyingine kabisa, hilo ndilo litakuwa jambo la kwanza kuchimbuliwa.

Jukwaa linapoishia

Uwazi huonyesha kilichofanyika. Hausemi nani alikuwa na haki ya kukifanya. Mradi unaofungua akaunti kabla ya kuandika kanuni hujikuta katika miezi michache ukijibu maswali hadharani: kwa nini huyu analipwa na yule halipwi, nani alimchagua msimamizi, mfadhili mkubwa amenunua nini. Haya yanajibiwa na faili moja kwenye hazina ya msimbo, kwa kawaida GOVERNANCE.md, lisilozidi kurasa mbili. Refu kuliko hapo halisomwi.

Kipengele cha kwanza ni nani mtunzaji, anaingiaje na anatokaje. Kuingia huandikwa na kila mtu, kutoka husahaulika. Weka muda: asiyefanya lolote kwa miezi 6 hupewa hadhi ya mstaafu, kwa heshima zote, na haki zake za kuandika kwenye hazina na kuchapisha matoleo huondolewa, akirudi hurudishiwa. Kisa cha xz, programu ya kubana data, mwaka 2024 kilionyesha kwa nini haki hizi si za kugawa kwa uchovu. Mtunzaji alikuwa karibu peke yake na alishinikizwa na akaunti zilizolalamikia ucheleweshaji, ndipo mgeni aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili akapata uwezo wa kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakabeba mlango wa siri. Uligunduliwa kwa sababu mhandisi mmoja alishangazwa na kuingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuingia kwa mbali, kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Fedha peke yake zisingezuia hilo. Sharti la watu wawili kukagua kila toleo, pamoja na kulinganisha kifurushi kinachochapishwa na msimbo ulio kwenye hazina, lingeufanya mtego kuwa mgumu zaidi kutega.

Kipengele cha pili ni maamuzi. Hapa azima kwa walioishi nayo, lakini pima kimo chako. Apache Software Foundation, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, huruhusu jambo kupita kimyakimya likikaa saa 72 bila kupingwa. Anayepinga msimbo kwa kura ya turufu lazima atoe sababu ya kiufundi. Toleo huhitaji angalau kura tatu za ndiyo, zikizidi za hapana, na halizuiwi kwa turufu. Kanuni nzuri. Mradi wa watu wawili ukiinakili neno kwa neno hautatoa toleo milele, maana kura ya tatu haipo. Chukua saa 72, acha kura tatu, na uandike nini hutokea wawili wakitofautiana: aliyeandika sehemu hiyo ya msimbo aamue, au hali iliyopo ibaki hadi apatikane wa tatu.

Waajiri ni kipengele ambacho miradi midogo hudhani hakiwahusu. Lugha ya programu ya Python, baada ya muasisi wake Guido van Rossum kujiuzulu uongozi Julai 2018, iliunda baraza la watu watano na kuweka sharti kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Kwa mradi wenye wasimamizi watatu, sharti liwe mmoja kwa kila mwajiri. Mtunzaji akihama kazi na kujikuta kampuni moja na mwenzake, mmoja huachia usimamizi wa fedha lakini hubaki na kazi ya msimbo. Tenganisheni hayo mawili. Huwapunguzia watu fedheha.

Kisha fedha. Mizani inayofaa kwa mradi wenye mapato ya dola 5,000 hadi 30,000 kwa mwaka: hadi dola 200, msimamizi mmoja asiyekuwa mwombaji anatosha, juu ya hapo hadi dola 2,000, wasimamizi wawili, zaidi ya hapo, pendekezo litangazwe hadharani kwa siku 7 kabla ya kuidhinishwa. Jukwaa haliwezi kupima mizani hii lenyewe, hivyo idhini ya pili iandikwe kama maoni chini ya ombi. Akiba isiyoguswa iwe gharama za lazima za miezi mitatu: seva, jina la kikoa, vyeti vya kutia saini programu.

Mwisho, sentensi moja inayosema kwamba mchango haununui msimbo kuunganishwa. Mfadhili hupata nembo kwenye ukurasa, shukrani na ripoti ya robo mwaka. Ukimwahidi muda wa kujibu hitilafu zake umeingia mkataba wa huduma, na huo unahitaji bei nyingine na karatasi nyingine. Mfadhili mmoja akivuka nusu ya mapato, ripoti iseme hivyo wazi.

Kulipa kazi ipi

Zawadi kwa kila hitilafu inayorekebishwa huvutia sana machoni na huzaa matatizo matatu. Watu hukimbizana kwenye hitilafu moja na kuleta viraka vitatu vya haraka. Mtunzaji hubaki na kazi ya kuvipitia vyote bila malipo. Na mshindi huondoka bila kuutunza msimbo alioacha. Lipeni kwanza kazi isiyo na mashabiki: kuchambua ripoti, kupitia msimbo wa wengine, kutoa matoleo, usalama. Malipo ya kudumu ya mwezi kwa saa zilizoandikwa, yakipitiwa upya kila baada ya miezi 6, hufaa kuliko ankara za kubahatisha.

Lakini mshahara ni ahadi, na mapato ya michango si mshahara. Babel, kifaa kinachotumika kila pembe ya kazi za wavuti na chenye bajeti iliyo wazi kwenye Open Collective, kilitangaza Mei 2021 kwamba fedha zake zinaisha. Uwazi haukuwaokoa. Pia hakuna uhusiano kati ya umuhimu wa programu na michango yake: kabla ya kasoro ya Heartbleed kujulikana Aprili 2014, OpenSSL, programu ya usimbaji inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ilikuwa ikipata kama dola 2,000 tu za michango kwa mwaka, huku sehemu kubwa ya wavuti ikiitegemea. Kwa hiyo malipo ya kudumu yasizidi asilimia 60 ya mapato ambayo wafadhili wameyaahidi kwa mwaka, na anayelipwa aambiwe tangu mwanzo notisi yake ni ya muda gani. Miezi miwili ni uungwana.

Ukilinganisha na huduma nyingine

GitHub Sponsors, huduma ya michango ya GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo) iliyoanza 2019, haikati chochote kwenye michango ya akaunti binafsi, na hukata hadi asilimia 6 kwa inayotoka kwa akaunti za mashirika. Ni nyepesi na iko pale pale msimbo ulipo. Haina daftari la matumizi, na fedha zikiingia kwa mtu huwa kipato chake, pamoja na kodi yake. Si lazima uchague: akaunti ya shirika kwenye GitHub Sponsors inaweza kuelekeza fedha kwa Open Source Collective. Hiyo ndiyo njia bora kwa mradi wenye nyota nyingi, yaani alama ambazo watumiaji wa GitHub huupa mradi wanaoupenda.

Liberapay inamfaa mtunzaji wa peke yake. Ni shirika lisilo la faida la Ufaransa, liko tangu 2015, halina kamisheni; unakatwa ya Stripe au PayPal tu. Michango hulipwa kabla, haina ahadi ya zawadi kwa mtoaji, na ina ukomo wa yuro 100 kwa wiki kwa kila mtoaji. Kampuni yenye bajeti kubwa haitatosha humo.

Software Freedom Conservancy, iliyoanza 2006 na yenye miradi kama Git na Samba, ni ulezi wa aina nyingine: hushika mali za mradi, hushughulikia alama ya biashara na mambo ya sheria, na hudai uongozi ulioandikwa. Kuingia huchukua muda na si kila mradi hupokelewa. Software in the Public Interest, iliyoundwa 1997 kwa ajili ya mfumo endeshi wa Debian, hukata asilimia 5 na huuachia mradi uhuru mwingi. Mradi mkubwa wenye jina la kulinda uangalie hizi mbili kabla ya Open Collective.

Ruzuku ni suala tofauti. NLnet, mfuko wa Uholanzi, hutoa kwa kawaida yuro 5,000 hadi 50,000 kwa ombi la kwanza, na hulipa kila hatua ikikamilika; kazi isiyoweza kukatwa vipande vyenye mwisho, kama kujibu ripoti mwaka mzima, haiingii vizuri humo. Itumieni kwa kazi mpya, na michango kwa utunzaji.

Kuhama

Salio linaweza kuhamishiwa kwa mlezi mwingine, na historia ya miamala hupakuliwa kama jedwali. Kinachouma ni wafadhili wa kila mwezi: kadi zao zimefungwa kwa mlezi wa zamani, hivyo huweza kutakiwa kuthibitisha upya, na sehemu yao hawatafanya hivyo. Watangazie mwezi mmoja kabla, kwa barua fupi yenye kiungo kimoja. Kabla ya kugusa chochote, lipeni maombi yote yaliyoidhinishwa, simamisheni mapya, kisha pitieni orodha ya mali zisizo fedha: jina la kikoa limeandikwa kwa nani, alama ya biashara ni ya nani, nani ana ufunguo wa kutia saini matoleo, nani anamiliki akaunti ya kuchapishia vifurushi. Kikoa ndicho kinachosahaulika zaidi. Kikiwa kwenye kadi ya mtunzaji aliyestaafu miaka miwili iliyopita, kihamisheni wakati bado anajibu barua pepe.